Skrini ya Kompyuta Haipimwi kwa Inchi Peke Yake



Leo nataka kuwasimulia kosa langu. Ni kosa la mambo ya kidunia tu, la kununua skrini ya kompyuta, lakini lilinigharimu pesa, likaniumiza macho, na nusura limpotezee kijana wa watu nafasi yake ya masomo. Naandika kwa sababu kila likizo ikikaribia nasikia wazazi wakiulizana: "Mtoto anataka skrini ya kuchezea gemu, na mimi nina kazi zangu, tununue ipi?" Jibu huwa lile lile nililopewa mimi: "Chukua kubwa." Someni kwanza yaliyonipata, halafu mtaamua wenyewe.

Mimi ni mama wa watoto wanne na kazi yangu ni kutafsiri hati, hapa hapa Gisenyi. Wenyeji mnaujua mji wetu ulivyo: ukivuka mpaka tu, uko Goma. Watu wanavuka na biashara zao, wanavuka na ndoa zao, na karatasi zao nazo zinavuka. Cheti hiki kimeandikwa Kifaransa na kinatakiwa kwa Kinyarwanda, kile ni cha Kinyarwanda na kinatakiwa kwa Kifaransa. Na tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wapo pia wanaotaka hati zao kwa Kiswahili. Ni kazi ya amana. Mtu anakupa jina la baba yake na siku aliyozaliwa, nawe unatakiwa umrudishie vile vile bila kupungua wala kuzidi.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi kwenye laptopu ya inchi 15. Hati ya asili naifungua upande wa kushoto, tafsiri naiandika upande wa kulia. Kwenye skrini ndogo kama ile kila upande unakuwa mwembamba, herufi zinakuwa kama chungu, na mimi nachomoza shingo kama kobe. Kufika alasiri kichwa kinagonga. Baba watoto akaniambia, "Mama, tutenge akiba kidogo kidogo, tununue skrini ya nje tuiunganishe na laptopu yako." Tukatenga kwa miezi mitano.

Kijana wangu wa kidato cha tatu naye alikuwa na haja yake. Mjomba wake aliyeko Dubai alimletea PlayStation 4 iliyotumika, na televisheni yetu ya zamani, ile yenye mgongo, haina hata tundu la HDMI. Nikamwambia: ukifaulu muhula huu, hiyo skrini itakuwa yetu sote wawili. Siku za shule ni yangu, Jumamosi na Jumapili mchana ni yako. Akafaulu. Ahadi ni deni.

Tukaenda dukani mama na mwana. Muuzaji alituonyesha skrini mpya ya kompyuta ya inchi 24, kisha akatuonyesha televisheni ya inchi 32. Bei ilikaribiana, faranga 140,000. Akasema, "Mama, pesa ni ile ile, utaachaje inchi 8?" Kijana macho yakamwaka. Mimi nami nikaona maneno ya kweli. Tukabeba televisheni.

Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili nikaanza kuona kwamba herufi zina ukungu pembeni. Nikikaa karibu, naona vitone. Nikirudi nyuma, kibodi inakuwa mbali. Kichwa kikarudi kugonga kuliko hata zamani. Nikadhani ni umri, nikaanza kuuliza bei za miwani.

Ndipo akaja mzazi mmoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, aliyekuwa anaomba nafasi ya chuo nje ya nchi. Cheti kilipigwa picha kwa simu. Tarehe ilikuwa 13, mimi nikasoma 18. Nikaandika, nikachapa, nikampa. Siku kadhaa baadaye akarudi ameshika kichwa: hati zimekataliwa, tarehe ya tafsiri hailingani na ya pasipoti, na zimebaki siku mbili dirisha la maombi kufungwa. Usiku ule sikulala. Nilirudia tafsiri yote kwa kutumia karatasi yenyewe na taa, na asubuhi nauli yake ya basi kwenda Kigali nililipa mimi. Alhamdulillah aliwahi. Mzee yule alinisamehe, lakini mimi sikujisamehe kirahisi. Sisemi kwamba skrini ndiyo iliyokosea. Aliyesoma ni mimi, na nilikuwa nimekwisha kuona kwamba chombo changu hakionyeshi sawasawa, nikaendelea.

Nikampelekea habari fundi mmoja wa kompyuta, mtu mzima anayetengeneza mashine za maofisi. Hakuuliza skrini yangu ni inchi ngapi. Aliuliza, "Ina pikseli ngapi?" Sikujua. Akaangalia nyuma ya televisheni, kisha akafungua laptopu yangu, akacheka kwa upole. Zote mbili zilikuwa na 1366 kwa 768.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye somo la kwanza. Pikseli ni vile vitone vidogo vinavyounda picha. Televisheni yangu ya inchi 32 ilikuwa na vitone vile vile vya laptopu yangu ya inchi 15, ila vimetawanywa mahali pakubwa. Nilikuwa nimenunua laptopu yangu iliyovutwa. Chukua uzi wa kufuma kitambaa, kisha uzi huo huo ufume nao shuka: utapata wavu. Kwa hesabu, televisheni ile ina pikseli kama 49 katika kila inchi moja, na skrini ya kawaida ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina kama 92. Ukiwa kwenye kochi mita 3 mbali, pikseli 49 hazikusumbui, maana televisheni imetengenezwa kwa ajili ya kochi. Ukiwa mezani, urefu wa mkono mmoja tu, utaziona zote. Wazee walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Somo la pili lilinishangaza zaidi. Fundi alinieleza kwamba inchi za skrini hupimwa kutoka kona ya chini upande mmoja hadi kona ya juu upande wa pili. Kipimo hicho hakikwambii upana wala kimo. Skrini mbili zenye inchi sawa zinaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa. Umbo hilo hutajwa kwa namba mbili, upana kwanza, kimo baadaye. Zile za zamani zilikuwa 4:3, karibu na mraba. Za ofisini za inchi 17 na 19 zilizofuata nyingi zilikuwa 5:4. Zikaja 16:10, na mnamo miaka ya 2008 hadi 2010 viwanda vikahamia 16:9, umbo la televisheni, kwa sababu ilikuwa nafuu kutengeneza vioo vya umbo moja kwa kazi zote. Leo duka likikuonyesha skrini mpya bila maelezo, mara nyingi ni 16:9. Ziko pia ndefu za 21:9.

Akachukua rula. Skrini ya mraba ya inchi 19, ile ambayo maofisi wanaitupa, ina kimo cha sentimita 30. Skrini pana ya 16:9 ya inchi 24 nayo ina kimo cha karibu sentimita 30. Yaani inchi 5 zote zile ulizoongeza zimekwenda pembeni, juu hukuongeza kitu. Na skrini ndefu ya 21:9 ya inchi 34, yenye bei ya kutisha, ina kimo cha sentimita 33, sawa na ya kawaida ya inchi 27. Kwa mtu anayesoma kurasa kutoka juu kwenda chini, kimo ndicho mali.

Kisha akanipa ushauri ambao sasa nampa kila mtu: "Mama, kazi yako ni kurasa mbili. Nenda dukani na karatasi mbili za A4." Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na kimo cha sentimita 29.7. Mbili zikilala ubavu kwa ubavu zinataka upana wa sentimita 42. Ukizibandika mbele ya skrini, skrini yenyewe itakwambia.

Nilifanya hivyo, na matokeo ni haya. Inchi 19 ya mraba ina upana wa sentimita 38 hivi: ukurasa mmoja unakaa vizuri, wa pili unatoka nje. Inchi 24 ya 16:9 ina upana wa sentimita 53: kurasa mbili zinakaa na nafasi inabaki pembeni, lakini juu na chini zinagusa, na ule mstari wa vitufe vya programu unakula ukurasa. Inchi 24 ya 16:10 ina upana wa karibu sentimita 52 na kimo cha sentimita 32: kurasa mbili zinakaa kwa ukubwa wake halisi, na juu zinabaki sentimita mbili na nusu za kuweka vitufe. Kana kwamba aliyeitengeneza alikuwa mfasiri.

Inchi 27 je? Ni nzuri sana kwa kazi ikiwa ina 2560 kwa 1440, maana inafikia pikseli kama 109 katika kila inchi. Lakini angalieni, ziko inchi 27 zenye 1920 kwa 1080, na hizo zinashuka hadi kama 82. Muuzaji atakutajia 27, hiyo namba ya pili hataitaja usipouliza.

Basi televisheni tukamuuzia jirani kwa faranga 110,000, hasara ya 30,000. Inamfaa, maana anaitazama kutoka kwenye kochi. Nikapanda basi kwenda Kigali, kwenye maduka ya vifaa vya ofisini vilivyotumika, na karatasi zangu mbili kwenye mkoba. Kijana wa duka alinitazama nikibandika karatasi kwenye vioo vyake akadhani nina kasoro. Nikapata ya inchi 24, 1920 kwa 1200, umbo la 16:10, kwa faranga 80,000.

Sasa likabaki deni la mwanangu.

Aliposikia kwamba televisheni imeuzwa alinyamaza. Wazazi mnajua kunyamaza kwa kijana wa miaka 15. Alikuwa amesoma kwamba PlayStation inatoa picha ya 16:9, na kwamba kwenye skrini ya 16:10 picha itaacha mistari myeusi juu na chini. Akaniambia, "Mama, uliniahidi." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Niliona nimemfanyia vile vile nilivyomfanyia yule mzee wa cheti: nimebadilisha kitu cha mtu bila kumuuliza.

Nikamwambia, "Unasema kweli. Lete rula na daftari tuone nimekudhulumu kiasi gani." Akakaa. Kanuni ya Pythagoras alikuwa ameisoma shuleni, lakini nadhani hakuwahi kuitumia kwa hasira. Akapiga hesabu: kwenye skrini ya 16:9 ya inchi 24, picha ya gemu ingekuwa na upana wa sentimita 53.1 na kimo cha 29.9. Kwenye hii yetu, ukitoa mistari myeusi, picha ina upana wa 51.7 na kimo cha 29.1. Akarudia mara mbili. Kisha akacheka mwenyewe: "Sentimita moja na nusu haifiki, Mama?" Nikamwambia, "Ndiyo dhuluma yenyewe hiyo, nisamehe." Akanisamehe.

Tulijifunza mengine pamoja ambayo wenye watoto wa gemu watayahitaji. Kwanza, kwenye vitufe vya skrini yetu kuna mahali pa kuchagua picha ibaki na umbo lake. Usipochagua, skrini inaivuta picha ijaze kioo na wachezaji wa mpira wote wanarefuka. Kwenye skrini ya mraba ya 5:4 hali huwa mbaya zaidi, mpira wenyewe unakuwa yai. Skrini nyingine hazina chaguo hilo, kwa hiyo lijaribuni kabla ya kulipa.

Pili, tundu. Skrini za ofisini nyingi zina matundu ya VGA, DVI au DisplayPort, na PlayStation inataka HDMI. Chukueni yenye HDMI, au muwe na waya unaofaa. Hata hivyo skrini nyingi za namna hii hazina spika. Kijana wangu anachomeka vipokea sauti kwenye pedi yake, na nyumba imepata utulivu ambao hatukuutarajia.

Tatu, kasi. Vijana watawaambia kwamba lazima skrini iwe ya hezi 144. Kwa anayecheza michezo ya kasi kwenye kompyuta yenye nguvu, kweli inasaidia. PlayStation 4 haivuki picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo skrini ya kawaida ya hezi 60 inaitosha. Vile vile 4K: ina pikseli milioni 8.3, mara 4 ya zile za 1920 kwa 1080, na mashine lazima izichore zote. Kompyuta dhaifu ikipewa skrini ya namna hiyo gemu linakwenda kama punda aliyezidiwa mzigo. Na zile ndefu za 21:9, hata PlayStation 5 haizijazi, inaacha weusi kushoto na kulia.

Nne, umeme. Sisi wa Cash Power tunaona namba zikishuka kwa macho. Skrini za miaka ya nyuma zilizowashwa kwa taa za mirija zinaweza kula wati 60 na zaidi. Za LED za inchi 24 nyingi hula kama wati 20. Someni kibandiko cha nyuma kabla ya kufurahia bei rahisi.

Tano, meza. Kioo kiwe umbali wa mkono, sentimita 50 hadi 70, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Skrini ya inchi 32 mezani ina kimo cha sentimita 40, kwa hiyo unatazama juu kama anayetafuta mwezi mwandamo. Na sisi wa hapa tuna la kuongeza: tuliokuwepo Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikatetemeka siku kadhaa hadi kuta zikapasuka, tunajua kwamba kitu kizito hakiwekwi ukingoni mwa meza.

Kuhusu macho, wataalamu wanashauri kila baada ya dakika 20 utazame kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Hapa Gisenyi hatuna udhuru, ziwa Kivu tumepewa bure. Mimi na kijana tumekubaliana: akicheza mechi moja, anatoka barazani kuangalia maji kabla ya nyingine. Nami nikimaliza ukurasa, nafanya vile vile. Siku nyingine tunakutana huko nje wote wawili, yeye ananieleza alivyofungwa.

Wazazi wenzangu, kabla ya kutoa pesa kaeni na huyo mtoto muulizane mambo matatu. Nani ataitumia, kwa kazi gani? Atakaa umbali gani? Mashine itakayoiendesha ina nguvu gani? Mkishajibu, tafuteni kwanza idadi ya pikseli, kisha umbo, kisha inchi. Kazi ya kurasa na hesabu inapenda kimo, yaani 16:10, au 16:9 ya inchi 27 yenye pikseli za kutosha. Gemu na filamu zinapenda 16:9. Nyumba yenye skrini moja kwa yote mawili itapoteza kidogo upande mmoja, na ni vizuri yule anayepoteza aambiwe mapema na aone hesabu kwa macho yake.

Nanyi wanafunzi, mzazi akikwambia hapana, usinune. Lete rula.

Yule kijana wa cheti alipata chuo. Baba yake alipita wiki chache baadaye akiwa na hati ya mdogo wake. Nilimkalisha kiti karibu yangu, nikafungua karatasi mbili ubavu kwa ubavu, nikamwambia asome tarehe zote mwenyewe kwa sauti kabla sijachapa. Alizisoma bila miwani.